Mawe Juu ya Paa la Babu

Al Wakrah, karibu na Doha, Ijumaa, baada ya Alasiri

Nasra, mwanangu,

Ninakuandikia kwa sababu moja, nami naitaja mwanzoni ili usihangaike kuitafuta: paa la nyumba utakayoishi kuanzia keshokutwa nililichagua mimi, na nililichagua vibaya. Ninaogopa. Nimeona ni haki yako ulijue jambo hilo kutoka kwangu, kwa maandishi, kabla hujalisikia kutoka kwa upepo.

Baba yako amekupeleka kununua viatu vya shule, na kwa kuwa hawezi kupita mbele ya duka la juisi bila kuingia, nina saa mbili hivi za kuandika. Habari za mswaki, za kuandika jina kwenye madaftari na za kumwamkia Bibi kila asubuhi amekwisha kukueleza, na atakueleza tena ndani ya ndege. Mimi sitazirudia. Una miaka kumi na mmoja. Zipo sentensi humu ambazo kwa sasa zitakupita. Ziache zipite. Ihifadhi barua, utazikuta humo humo ukikua.

Nianze na mawe. Mwezi uliopita nilikuonyesha picha ya nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba mpya ya Bibi, ile aliyoijenga Babu yako kabla sijazaliwa. Uliona mawe makubwa yamepangwa juu ya mabati, ukacheka. "Mama, nani kayatupa mawe juu ya nyumba ya watu?" Nami nikacheka pamoja nawe, nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Halikuwa jibu la kweli. Nilijua mawe yale yanafanya kazi gani, na nilijua ni kwa nini sikutaka kuisema.

Singida ni nchi ya upepo, Nasra. Utauona. Unatoka upande mmoja asubuhi na kufikia adhuhuri umekwisha kuzunguka nyumba nzima, ukijaribu kila mlango. Nilipokuwa na umri kama wako, nilirudi kutoka shuleni mchana mmoja nikamkuta Babu yuko juu ya paa, amepiga magoti, na Bibi yuko chini anamfungia mawe kwenye kamba. Jirani yetu alikuwa ameezuliwa saa moja kabla. Nililiona bati lake shambani, limekunjamana kama karatasi iliyofungiwa maandazi, na kando yake mbuzi mmoja amesimama anaonekana mzima, ila hakuweza kuweka mguu chini. Babu alikuwa anavuta mawe kwa haraka. Sikuwahi kumwona baba yangu akiwa na haraka kabla ya siku ile.

Paa letu halikung'oka. Ungedhani ningeyapenda mawe yale maisha yangu yote. Badala yake niliyaonea haya. Shuleni walinibandika jina. "Zuhura Mawe! Leo mmeongeza mangapi?" Wengine walikuwa wanauliza kama nyumba yetu ni chungu kilichofunikwa kwa jiwe ili kisichemke kikamwagika. Nilipomlilia Babu ayaondoe, alinitazama akasema, "Ukijenga yako, weka maua." Hakukasirika. Ni mimi niliyelichukua neno lile kama ahadi. Niliapa kimoyomoyo kwamba nitakapomjengea mama yangu nyumba, juu ya paa lake hakutaonekana kitu chochote: si jiwe, si msumari.

Haya ile nilisafiri nayo. Nilikwenda nayo chuo kikuu, nikakaa nayo kwenye ukumbi wa mitihani, nikapanda nayo ndege hadi Doha. Hapa hakuna aliyeijua. Ofisini kwetu West Bay tunakaa ghorofa ya juu nyuma ya vioo visivyofunguka, na upepo kwetu ni namba iliyomo kwenye jedwali. Mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima katika jengo lile bila unywele wake mmoja kutikisika. Babu alipofariki na Bibi akabaki peke yake, nilichora nyumba yake pale pale mezani pangu baada ya saa za kazi, nikiitazama Doha yote inavyowaka chini yangu, na ninakiri nilijiona mtu mkubwa.

Nilichora baraza pana kuzunguka pande tatu, chini ya paa lile lile la nyumba, likishuka moja kwa moja bila kukatika, kwa kuwa ndivyo nilivyoona kwenye majumba ya The Pearl, kile kisiwa cha matajiri hapa Doha. Nilichagua bati la rangi ya damu ya mzee, jembamba, kwa sababu rangi ile ilipatikana katika unene ule tu na mimi nilikuwa nimekwisha kuipenda. Nikaamuru mabati yapigiliwe misumari kwa kuruka mgongo mmoja wa bati baada ya mwingine, ili uso wa paa uwe safi. Mbao za papi, zile zinazolala chini ya mabati na kuyashika, nikazipanga mbali mbali ili nyumba ionekane nyepesi. Kisha nikaichapisha picha yake kwa rangi, nikaipeleka kwenye futari ya Watanzania wa hapa Al Wakrah. Mama Swabra aliishika kwa mikono miwili. "Zuhura wewe! Hii ni Singida au ni The Pearl?" Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo kana kwamba nimetunukiwa shahada ya pili.

Mtu mmoja tu hakusifu. Fundi Ramadhani, aliyefanya kazi na Babu tangu ujana wao na ambaye ndiye angeezeka, alinipigia simu.

"Injinia, hizi baraza umezichora pana. Upepo wa huku ukiingia chini ya baraza hautoki kwa adabu."

"Mzee Ramadhani, nimefanya mahesabu."

"Mahesabu ya upepo wa wapi, mwanangu?"

Namba nilizotumia zilikuwa za jedwali la ofisini. Sikuwahi kutafuta za Singida. Nilidhani nimezaliwa nazo.

"Basi niruhusu pembezoni nipigilie kila mgongo wa bati," akasema. "Hapo ndipo upepo unapoanzia kufunua. Na kenchi nizifunge kwa mikanda ya chuma zishikane na lenta ya ukuta. Hutaiona, itakuwa ndani."

Ningesema ndiyo, ingekuwa neno moja. Badala yake nilimwandikia barua ya kurasa mbili yenye cheo changu chini ya sahihi, nikamalizia: "Tafadhali zingatia mchoro." Hapa nataka uelewe jambo ambalo hakuna mwalimu wangu aliyenifundisha. Fundi aliyekosewa heshima hagomi wala hagombani. Anazingatia mchoro. Fundi Ramadhani aliuzingatia mchoro wangu hadi msumari wa mwisho, na alipomaliza alinitumia picha kumi na mbili, zote nzuri, bila kuandika neno hata moja chini yake.

Baada ya hapo ilipita miaka miwili, na kwa miaka yote miwili nililala vizuri.

Mwezi wa sita mwaka huu, shamali, ule upepo wa vumbi wa huku, ilipovuma siku nne mfululizo na wewe ukazuiwa kucheza nje kwa ajili ya vumbi, ofisi ilinituma eneo la viwandani kukagua ghala moja lililoezuliwa. Nilikuwa na kofia ngumu, na kalamu mbili mfukoni, na namna ya kuongea ambayo baba yako huiita sauti ya ripoti. Msimamizi wa pale alikuwa Mkenya, Bwana Odero. Nilimwambia kwamba bila shaka upepo ulilisukuma paa hadi likaelemewa. Akanitazama kwa huruma.

"Madam, hii upepo haikuja kusukuma. Ilikuja kunyonya."

Akachana karatasi kwenye daftari lake, akaishika ukingo wake karibu na mdomo ili ncha nyingine ining'inie, akapuliza juu yake. Karatasi iliinuka. Akapuliza tena kwa nguvu, ikasimama wima ikitetemeka. Jaribu, Nasra, hapo ulipo, kwa karatasi yoyote. Pumzi inapita juu, lakini karatasi haishuki, inapanda.

"Umeona? Inaanzia kona. Inainua kona moja kidogo, halafu inaingia chini, sasa iko juu na iko chini. Imemaliza. Na hawa walichagua mabati nyembamba, alafu skrubu wakaweka chache ndio paa ikae smati." Akanyoosha kidole kwenye uzio, ambako mabati yalikuwa yamejibandika kama nguo za kuanika. "Imekaa smati sana. Si unaiona pale?"

Wale waliokuwa naye walicheka. Mimi nilikuwa nimeinama nikihesabu matundu ya misumari kwenye bati lililokuwa miguuni pangu. Tundu, mgongo mtupu, tundu, mgongo mtupu. Ulikuwa mchoro wangu. Nilikaa chini pale pale vumbini, na Bwana Odero akadhani ni joto, akaagiza niletewe maji.

Jioni ile nilimpigia Bibi. Nilimuuliza, kwa uangalifu, kama paa hutoa sauti yoyote upepo unapovuma.

"Hapana, mama. Linapiga makofi tu."

"Linapiga makofi wapi?"

"Pale pembeni, juu ya chumba ulichomwekea Nasra. Mimi nimekwisha kuzoea."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Sasa ningekwambiaje, na ile nyumba kila mtu anakuja kuitazama?"

Ndiyo hofu yangu, Nasra, na haina sehemu nyingine zaidi ya hiyo. Kona inayopiga makofi ndiyo kona ya kitanda chako. Nilikichagua chumba kile kwa sababu kina madirisha mawili. Kila usiku tangu siku hiyo nimelisikia bati lile nikiwa huku, umbali huu wote, hata kiyoyozi kikitikisika naamka.

Utaniuliza kwa nini basi nakuruhusu uondoke. Nimejiuliza kabla yako. Kazi mpya niliyopewa ofisini inanitoa nyumbani kabla hujaamka na kunirudisha umelala, na baba yako na zamu zake za hotelini hawezi kukulea peke yake. Shule Singida inafunguliwa Januari, na tulitaka upate muda wa kuzoea. Ruhusa ya baba yako ya kukusindikiza ni ya siku hizi tu. Juzi nilimwambia tuahirishe. Alikuwa anapiga pasi sare yake, akaizima pasi kwanza. "Mama Nasra, nikiikosa ruhusa hii, nyingine ni mwakani. Na wewe utakaa mwaka mzima unasikiliza bati?" Upepo mkali zaidi huja na mvua za kwanza, na mvua za kwanza kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba. Kwa kawaida. Nimeliandika neno hilo katika ripoti nyingi, na sikuwahi kuona ni dogo kiasi gani.

Nilimpigia na Fundi Ramadhani. Nilikuwa nimeandaa maneno, tena mazuri, yenye mpangilio. Aliposema "Haloo, injinia," yakaniishia yote. Nikasema, "Baba, ulikuwa sahihi. Lile paa litaruka na mwanangu anakuja kulala chini yake."

Nilingoja anicheke. Alikohoa tu. "Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Nilidhani utapiga mwaka wa kwanza."

Kumbe alikwisha kuyajua yote yanayotakiwa, ameyaandika kwenye kipande cha mbao karakanani kwake. Baraza litakatwa litenganishwe na paa kuu, liwe na kipaa chake, ili likiondoka liondoke peke yake lisiivute nyumba. Papi zitaongezwa katikati ya zile zilizopo. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zitafungwa kwa mikanda ya chuma hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege ulio juu ya ukuta. Mabati ya pembezoni na ya kona yatatolewa, yawekwe mazito zaidi, na yote yafungwe kwa skrubu zenye mpira chini ya kichwa badala ya misumari, kwa kuwa msumari ukitikiswa miaka miwili hujitoa wenyewe kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Ukija kujenga siku moja, kumbuka kwamba geji ya bati inapokuwa namba kubwa, bati huwa jembamba zaidi. Mimi nililijua hilo kwa mtihani na bado nililisahau mbele ya rangi. Uliza kwanza upepo wa mahali hapo unatoka upande gani, kisha ndipo uulize rangi. Mwulize mtu ambaye amewahi kulifukuzia bati shambani.

"Lakini niko kwenye kazi Manyoni hadi katikati ya Novemba," akasema Fundi. "Na safari hii njoo mwenyewe. Sipandi tena juu ya paa la mtu asiyepanda."

Nimekubali. Nimeomba likizo, nimepewa siku tisa. Skrubu nzuri nimezinunua hapa, na zile nzito zaidi ziko kwenye sanduku lako, chini ya sare, zimefungwa kwenye taulo la buluu. Baba yako alilinyanyua sanduku akaguna. "Wakilifungua Dar wataniuliza, huyu mtoto anahamia Singida au anakwenda kuijenga?" Wewe ulicheka sana. Sasa unajua ni nini kile kizito.

Nina ombi moja tu, na ndilo nililoliandikia barua yote hii. Usilale katika chumba chenye madirisha mawili. Bibi ataking'ang'ania; amekifulia mapazia, amewaita majirani wakione, na ataona haya ukikikataa mbele yao. Usimkatalie mbele yao. Ingia, kisifie, weka madaftari yako mezani. Jioni mshike mkono, mwambie mama amesema tulale sote wawili kwenye nyumba ndogo ya Babu mpaka yeye aje. Mwambie ni mimi niliyesema, tena mwambie nimesema kwamba paa nililikosea. Usilifiche neno hilo ili kunilinda. Nimejilinda vya kutosha, na umeona limefika wapi.

Nyumba ndogo ina chumba kimoja, na inanuka moshi. Mabati yake yana kutu. Lakini Babu aliyapigilia karibu karibu, baraza hakuliweka kabisa, na mawe yale kumi na manne bado yako pale alipoyaweka. Nimemwomba Bibi ayahesabu, akasema halijapungua hata moja. Upepo ukivuma utausikia unapita juu yako, na utaogopa. Hata mimi niliogopa nikiwa humo. Nisingependa kukudanganya kwamba hutaogopa. Ila sikiliza: huko hakuna makofi. Nilipokuwa na umri wako nililala chini ya mawe yale nikiyachukia, nikiwa salama.

Watoto wa shule watakuuliza mbona mna nyumba mpya na mnalala kwenye ile ya mawe. Huenda wakakubandika jina. Wana ufundi huo. Sina jibu la kukupa la kuwanyamazisha. Nililitafuta mwenyewe miaka ishirini na nikaishia kuchora lile paa. Pengine waambie tu kwamba mnamsubiri mama aje alirekebishe. Ni kweli, na ni fupi.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi, unabishana na baba yako kuhusu juisi iliyomwagikia viatu vipya. Nimeona vyema barua hii ikae kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, uisome mkiwa angani, ambako hutaweza kunijia ukiniuliza kwa nini macho yangu yako hivi.

Nitashuka kwenye basi la Dar siku ya Ijumaa, tarehe kumi na sita Novemba. Usije stendi, kuna vumbi na huwezi kujua basi litaingia wapi. Kesho yake asubuhi nitapanda ngazi nyuma ya Fundi Ramadhani, naye atanionyesha kona kwa kona, na wewe utasimama mbali, pale mti wa mpapai ulipo, utuhesabie skrubu. Lakini usiku ule wa kwanza tutalala sote watatu, Bibi, wewe na mimi, chini ya mawe. Ningoje mlangoni pa nyumba ndogo, Ijumaa hiyo, saa kumi na mbili jioni.

Mama yako,
Zuhura